Mstari wa Mashahidi

Hadithi hii inapoanza, nyumba ya Mama Jokébed iko Butembo, juu ya mlima, mahali ambapo pikipiki hukataa kupanda wakati wa mvua. Ni nyumba ya kupanga, yenye vyumba viwili. Ndani kuna meza, viti, na kabati dogo. Katika kabati kuna vikombe vinne vya kioo, vya wageni. Nyuma ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari huo kunaning'inia gobele ya rangi ya kijani, yaani kikombe cha plastiki. Gobele hiyo haikai pamoja na vikombe vingine. Mtaelewa baadaye kwa nini.

Mama Jokébed na mume wake, Papa Manassé, ni wakulima wa Mbau, upande wa juu wa Beni. Vita viliwafukuza huko miaka mitatu iliyopita. Walikimbia na watoto wanne, godoro moja na mbuzi mmoja. Mbuzi aligoma njiani, wakamwacha. Nyuma yao walibakiza nyumba, ambayo iliungua, na shamba la kakao. Kakao ile ndiyo iliyokuwa ikiwalipia watoto shule.

Mama Jokébed hakusoma alipokuwa mdogo. Sasa anajifunza kusoma kwenye parokia, kila Jumanne na kila Alhamisi. Tangu ajue herufi, hapiti mahali bila kusoma. Anasoma mifuko ya sementi. Anasoma kuta za maduka. Mume wake anamtania kwamba siku moja atasoma hata majani ya mgomba.

Mwaka huu njia ya Mbau ilitulia kidogo. Papa Manassé akaenda kuangalia shamba lake. Alirudi baada ya siku mbili, akakaa kitini bila kuvua koti.

"Nusu ya shamba imekwenda," alisema. "Phinées amelima mpaka ku njia. Amepanda maharagi na migomba. Anasema mupaka ni njia."

Phinées ni jirani yao wa Mbau. Alirudi kijijini kabla yao.

"Mais, lakini, mupaka si njia," alisema Mama Jokébed. "Mupaka iko mbali, karibu na muto."

"Nilimwambia. Anasema, nionyeshe karatasi."

Karatasi iliungua na nyumba. Wazee wawili waliopewa mashamba yale, baba wa Manassé na baba wa Phinées, walikwisha kufa. Chifu aliyewagawia naye alikufa. Wanaume wa ukoo walikaa katika kyaghanda, pale wanapokata maneno ya familia. Walikaa Jumapili mbili. Walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakasema mengi, wakaachana bila kupatana. Hadassa, binti mkubwa, alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule. Bila nusu ile ya kakao, asingemaliza.

Ndipo Mama Jokébed alisikia parokiani habari za klinike ya sheria. Si mahali pa sindano. Ni ofisi ya chuo kikuu, ambapo wanafunzi wa sheria husaidia watu bila malipo. Wakili mmoja, Maître Nadège, anawafundisha na kuangalia kazi yao. Mbele ya hakimu ni yeye anayesema.

Jumamosi mume na mke walikwenda. Mwanafunzi mmoja jina lake Élysée aliwapokea vizuri. Aliuliza maswali na kuandika kwenye fomu.

"Papa, siku ile chifu alionyesha baba yako shamba, nani alikuwa pale?"

"Baba alitoa muhako, ule mbuzi tunapatiaka mwenye udongo. Kulikuwa baba, chifu, na baba ya Phinées. Bote batatu bamekufa."

"Mutu mwingine?"

"Hapana mutu."

Élysée aliandika. Mama Jokébed aliinama, akafuata mstari kwa kidole. Neno la kwanza alilisoma polepole. *Témoins.* La pili lilimshinda.

"Hii ni nini, mutoto yangu?"

"*Néant*, mama. Maana yake, hakuna. Bashahidi, hakuna."

Mama Jokébed alirudi nyumbani na neno lile kichwani. Usiku na mchana lilimsumbua. Shamba la watu sita, na mstari wa mashahidi mtupu.

Baada ya wiki mbili Élysée alitumwa Lubero kwa mazoezi ya kazi. Dosiye, yaani faili la kesi yao, ikapewa mwanafunzi mwingine wa mwaka wa mwisho. Jina lake Séphora. Alikuja mwenyewe nyumbani, Jumamosi asubuhi, amevaa buti za mvua na kubeba dosiye kwapani. Aliacha buti mlangoni bila kuambiwa. Mama Jokébed alimpenda mara moja. Alitoa kikombe cha kioo, akashika thermosi, na huku anamimina akauliza lile swali ambalo kwetu kila mgeni anaulizwa.

"Unatoka wapi, mutoto yangu?"

"Natoka Mbau, mama."

"Mbau! Kumbe weye ni wa kwetu. Mutoto ya nani?"

"Papa yangu alikuwa muwindaji. Tuko Bambuti, mama. Kambi yetu iko nyuma ya Mbau, kandokando ya pori. Masista ndiyo balinilipia masomo."

Mkono wa Mama Jokébed ulisimama. Hakusema neno baya. Aliweka thermosi chini. Akachukua kile kikombe, akaenda nacho jikoni. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akatoa gobele kwenye msumari, akamimina chai humo, akampa mgeni.

Séphora aliitazama gobele. Bila shaka alikuwa amekwisha kuona nyingi za namna ile. Akainywa chai yote.

"Wasingya, mama," alisema, yaani asante kwa Kinande, lugha ya mwenyeji wake. Akafungua dosiye. Lakini Papa Manassé hakuwapo, na Mama Jokébed alijibu kila swali kwa neno moja. Msichana akaomba ruhusa, akavaa buti zake, akaenda.

Mimi ninayeandika hadithi hii ni mwalimu, na nimezaliwa hukuhuku. Nyumbani kwetu pia kulikuwa na msumari wa namna ile. Mama yangu alikuwa mtu mwema, mtu wa sala, na alikuwa na sahani ya Bambuti peke yao, ili wasile katika zetu. Naona haya kuyaandika. Lakini tukificha, msumari utabaki ukutani.

Jumatatu Mama Jokébed alikwenda kumwona Maître Nadège. Alikaa, akakunja kitenge chake magotini.

"Maître, tunakuomba dosiye yetu umupatie mwanafunzi mwingine."

"Juu ya nini, mama? Séphora alikosa nini?"

"Hakukosa. Mais ni Mumbuti. Phinées atacheka. Atasema tulitafuta avoka wa kututetea tukakosa, tukaokota Mumbuti."

Maître Nadège hakukasirika. Alisukuma karatasi zake pembeni.

"Mama, nikuambie kitu. Mwaka ile nilianza kazi, muzee mumoja alikuya hapa na dosiye. Aliponiona, akasimama. Akasema, ku kyaghanda banamuke habasemake, hata ku tribunali, mbele ya hakimu, sitaki mwanamuke anisemee. Akaenda zake. Weye unaona alisema vizuri?"

"Hapana. Alikosa."

"Alikosa namna gani?"

"Juu weye unajua kazi. Batu bote banasema unajua kazi."

"Séphora naye anajua kazi."

Mama Jokébed alitazama sakafu.

"Tena," alisema Maître, "Katiba yetu inasema Bakongomani bote ni sawa mbele ya sheria. Ni kifungu, article kumi na mbili. Article kumi na tatu inasema hapana kubagua mutu ku masomo ao ku kazi, juu ya kabila yake ao nyumba alizaliwa. Miye nafundisha ile. Nikikutolea Séphora, nitakuwa nafundisha uongo."

"Sheria nimesikia, Maître. Mais shamba yangu?"

"Njo ile nafikiri, shamba yako. Sikiliza. Kama banafunzi bote ba sheria banatoka mu nyumba za namna moja, banauliza maulizo ya namna moja. Kitu nyumba yao haioni, nabo habataiona. Niko na banafunzi banaume na banamuke. Iko mumoja haone na macho, anasoma na vidole. Iko Séphora. Kila mumoja anaona mahali mwingine haone. Muache afanye kazi."

Mama Jokébed alikubali. Tusimsifu mapema. Alikubali kwa sababu hakuwa na wakili mwingine.

Jumamosi iliyofuata Séphora alirudi. Safari hii Papa Manassé alikuwapo. Gobele ilitoka tena kwenye msumari, na msichana akaishika tena kwa mikono miwili. Kisha akafungua dosiye.

"Papa, hapa kwa bashahidi, mulisema hapana mutu."

"Hapana mutu."

"Siku ile ya muhako, pale kulikuwa shamba ao pori?"

"Pori. Miti mikubwa sana."

"Nani aliikata?"

Papa Manassé alicheka kidogo. Kwake swali lilikuwa la kitoto.

"Si Bambuti? Kulikuwa Bambuti babili, muzee na kijana yake. Njo balifungua pori, njo balipika hata ule mbuzi."

Alipomaliza kusema, hakuna aliyecheka naye. Séphora hakununa, wala hakutabasamu. Alishika kalamu yake.

"Basi donc kulikuwa batu batano," alisema.

Papa Manassé alikunjua vidole vyake. Alihesabu kimoyomoyo. Baba, chifu, baba ya Phinées. Muzee, na kijana yake. Miaka yote alikuwa akiisimulia habari ile, na kila mara alikuwa akiwataja wawili hao. Alisimulia shoka zao na nguvu zao. Hakuwahi kuwahesabu.

"Ule kijana iko mzima?" aliuliza Séphora. "Jina yake nani?"

"Jina... sijue."

"Sadrack," alisema Mama Jokébed kwa sauti ndogo. "Ni Muzee Sadrack. Alikuwaka anatuletea asali."

Aliitazama gobele mkononi mwa Séphora. Miaka kumi na mbili Sadrack alikuwa akisimama mlangoni pake Mbau na asali yake, na yeye alikuwa akimpa maji katika gobele kama ile, nje, bila kumwambia akae. Na sasa shamba lake lilikuwa mdomoni mwa mtu huyo. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Siku ya nne baada ya hapo walisafiri, Papa Manassé na Séphora. Walipita Beni, wakafika Mbau, wakaacha barabara. Walimkuta Muzee Sadrack mbele ya nyumba yake ya majani, anasuka kikapu. Séphora alipiga magoti akamsalimia kwa lugha ya kwao. Walizungumza kwa muda mrefu. Papa Manassé hakuelewa hata neno. Maisha yake yote alikuwa amelima kilomita tatu kutoka pale.

Mwishoni mzee alimgeukia, akasema Kiswahili.

"Tribunali haikuniitaka hata siku moja. Batanicheka."

"Bakicheka, juge, ule hakimu, atabanyamazisha," alisema Séphora. "Muzee, umwambie Papa ile umeniambia."

"Mupaka si njia. Ile njia ilikuya kisha, tulipokuwa tunabeba mbao. Kulikuwa muti ya nyuki. Chifu alisema tusiukate. Mbuzi ilipoisha kuiva, chifu aliniambia, weye kijana, chukua mafiga matatu, uzike hapa, chini ya muti, upande wa muto. Njo mupaka. Bakubwa balikuwa banakunywa kasiksi. Niliyazika miye mwenyewe."

Papa Manassé alisimama.

"Twende. Nitafute jembe."

"Hapana, Papa," alisema Séphora.

"Namna gani hapana? Mafiga iko pale!"

"Tukichimba leo sisi peke yetu, Phinées atasema tumeyaweka leo. Muzee aseme kwanza mbele ya juge. Greffier, mwandishi wake, aandike. Kisha tuende bote, na Phinées, na juge, tuchimbe. Neno likiandikwa kwanza, kisha mafiga yaonekane, linakuwa na nguvu."

Papa Manassé alikaa chini. Baadaye alimwambia mke wake kwamba, kama angekwenda na jembe lake siku ile, wangepoteza shamba kwa mikono yao wenyewe.

Maître Nadège alipeleka dosiye mahakamani. Siku ya tribunali, Beni, chumba kilijaa. Maneno mengi yalisemwa kwa Kifaransa. Séphora aliandika kikaratasi, akampitishia Maître Nadège. Maître akasimama, akaomba mkalimani, ili shahidi aseme kwa lugha anayoijua vizuri. Hakimu alikubali. Muzee Sadrack alipoitwa mbele, bila viatu, watu wawili kwenye benchi la nyuma walicheka.

Hakimu aliinua macho.

"Huyu ni shahidi," alisema. "Mwenye kucheka atoke."

Hakuna aliyetoka na hakuna aliyecheka tena. Mzee alisema yote. Mti wa nyuki, mafiga matatu, upande wa mto. Greffier aliandika kila neno.

Wiki iliyofuata hakimu mwenyewe alikwenda Mbau, na greffier, na Maître, na Séphora, pamoja na Mama Jokébed na mume wake. Phinées alikuja na jembe lake begani. Mti wa nyuki ulikuwa umekufa, lakini kisiki kilikuwapo, ndani ya maharagi ya Phinées. Muzee Sadrack alikizunguka. Akasimama upande wa mto, akapiga kisigino chini.

"Hapa."

Phinées alichimba mwenyewe. Figa la kwanza lilitoka haraka. La pili lilikuwa karibu nalo. Halafu ikawa udongo tu. Phinées alipumzika, akafuta jasho. Mama Jokébed alishika shingo yake kwa mikono miwili. Ikiwa ni mawili, mtu yeyote atasema ni mawe ya shamba, mawe kama mawe mengine.

"Ongeza kidogo, upande wa kushoto," alisema Sadrack bila haraka. "Lilikuwa kubwa kupita ingine."

Jembe likagonga. La tatu lilikuwa kubwa, na upande mmoja lilikuwa jeusi kwa moto wa zamani. Phinées alichuchumaa. Alilishika kwa kiganja chake.

"Baba hakunionyeshaka hii," alisema. "Nilijua njia tu."

"Baba yako alikuwa anakula," alisema Sadrack. "Miye nilikuwa nachimba."

Hata Phinées alicheka. Walipatana palepale mbele ya hakimu. Phinées angevuna maharagi yake, halafu angerudisha nusu ya shamba. Greffier aliandika, wote wakatia saini. Sadrack alitia kidole.

Pale klinike Maître Nadège aliwakusanya wanafunzi wote. Élysée alikuwa amerudi kutoka Lubero. Alisema wazi mbele ya wenzake, "Miye niliandika *néant*. Niliuliza vile nyumbani banaulizaka." Siku hiyo waliongeza maneno kwenye fomu, chini ya mstari wa mashahidi: *Nani alikata miti? Nani alipika? Nani alibeba? Andika jina la kila mtu.* Fomu hiyo ndiyo wanafunzi wapya wanayojifunzia sasa.

Mwezi wa sita Mama Jokébed na familia yake walirudi Mbau. Wamejenga nyumba ndogo ya mbao. Hadassa alibaki Butembo kwa shangazi yake, anamaliza shule. Kabati lilikuja na gari, na vikombe vinne. Gobele ilikuja pia, na Papa Manassé, bila kufikiri, aliipigia msumari nyuma ya mlango kama zamani.

Jumapili moja baada ya misa Séphora alileta nakala ya hukumu. Phinées alikuja kusalimia. Muzee Sadrack alikuja na asali, akasimama nje ya mlango kama kawaida yake, akatoa kopo lake mwenyewe mfukoni, tayari kwa maji.

Mama Jokébed alitoka. Alimpokea asali, akampokea na kopo.

"Ingia, Muzee. Ukae."

"Hapa ni vizuri, mama."

"Hapana. Ndani njo vizuri."

Mzee aliingia. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Mama Jokébed alitoa vikombe vya kioo, akamimina chai. Kimoja kwa Sadrack, kimoja kwa Séphora, kimoja kwa Phinées, kimoja kwa mume wake. Vikaisha. Alikwenda nyuma ya mlango, akatoa gobele, akaimiminia chai, akakaa nayo mezani. Séphora alimwangalia.

"Mutoto yangu," alisema Mama Jokébed, "nilikukosea mara mbili na gobele hii. Nakuomba unisamehe."

"Nimesikia, mama," alisema Séphora. Alikunywa kidogo. "Chai ni ya muzuri."

Kisha Mama Jokébed alifungua karatasi. Alikuwa ameingoja. Aliweka kidole juu ya mstari, akasoma polepole, kama mwalimu wake wa parokia alivyomfundisha. *Té-moins.* Neno lililofuata hakushindwa nalo.

"Sa-drack."

Muzee Sadrack aliweka kikombe chini taratibu, kisivunjike. Akainama juu ya karatasi. Hajui kusoma.

"Wapi?" aliuliza.

Mama Jokébed alimshika kidole, akakiweka pale.